DIGRII YA PILI: MASHARTI YAKE, NJIA ZAKE, NA MFANYI KAZI ATAIPATAJE

(Haya ni maneno ya Katibu wa Elimu wa tawi, aliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu wasiweze kufika.)



Sikuja kuwahubiria utamu wa elimu, maana hilo kila mzazi aliye hapa alilijua tangu siku alipouza mbuzi kulipa karo ya kwanza. Nimekuja kwa sababu ofisi yetu imepokea wanachama wengi wenye swali moja: "Katibu, nasikia bila Masters sasa hakuna kupanda cheo. Niingie chuo gani, na fedha nitatoa wapi?" Wengine waja kabla ya kuanza, na hao ni rahisi kuwasaidia. Wengine waja wakiwa wamekwisha kopa, wamekwisha lipa, na mwaka wa nne unapita hawajamaliza. Hao ndio walionifanya niombe kusema leo.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wenye magazeti waiita shahada ya uzamili. Sisi twaiita digrii ya pili, nami nitatumia jina hilo. Katika mpango wa taifa wa vyeti, uliowekwa chini ya sheria ya mwaka wa 2014, diploma iko ngazi ya 6, digrii ya kwanza ngazi ya 7, diploma ya baada ya digrii ngazi ya 8, digrii ya pili ngazi ya 9, na udaktari ngazi ya 10. Basi mwenye diploma aliyeambiwa na mtu wa barabarani kwamba ataruka moja kwa moja mpaka Masters kwa miezi sita, huyo anaibiwa.

Tena jina hili halina maana moja duniani kote. Mwalimu Nyerere alipata M.A. yake katika chuo cha Edinburgh mwaka wa 1952, lakini huko Scotland M.A. ni digrii ya kwanza. Na pale Oxford na Cambridge mwenye B.A. akingoja miaka kadha hupewa M.A. bila mtihani mwingine. Siyasemi haya kumpunguzia Mwalimu heshima, maana kazi yake twaijua. Nasema ili mtu akituletea karatasi ya ng'ambo tumwulize alisoma nini, kwa muda gani, na mbele ya nani, tusitishwe na herufi mbili baada ya jina.

Sasa masharti ya kuingia. Vyuo vyetu vingi, na Chuo Kikuu cha Nairobi ni kimoja chao, hutaka digrii ya kwanza ya daraja la pili la juu, yaani alama 60 kwenda mbele. Mwenye daraja la pili la chini, alama 50 mpaka 59, hakufungiwa mlango. Kozi nyingi humpokea akiwa ametumika miaka miwili katika kazi inayohusiana na somo. Na mwenye digrii ya kupita tu, bila daraja, ziko kozi zinazomkubali akionyesha miaka mitano ya kazi, au akifanya kwanza ile diploma ya ngazi ya 8.

Hapo, ndugu zangu, simameni kidogo. Miaka ya kazi ni alama! Jasho lako la ghalani, la wodini, la kaunta, laweza kukuingiza chuoni pale ambapo mtihani wa ujana ulikuangusha. Lakini chuo hakitazami jasho, kinatazama barua. Barua hiyo lazima iseme ulianza lini na ulifanya kazi gani hasa. Kuandika "ni mtumishi wetu mwema" hakutoshi. Na kwa kazi ulizoacha zamani, Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 humlazimu mwajiri kumpa mfanyi kazi anayeondoka hati ya utumishi, yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na aina ya kazi, ikiwa alitumika wiki nne mfululizo au zaidi. Wengi wetu tuliondoka kwa hasira tusiidai. Nendeni mkaidai. Mkikataliwa, leteni habari ofisini, na Katibu wa tawi ataandika barua.

Pamoja na hiyo utatakiwa vyeti vyako, karatasi ya alama za kila mwaka wa digrii ya kwanza, majina ya watu wawili wanaokujua kwa masomo au kwa kazi, na ada ya maombi ambayo hairudishwi. Basi usiombe vyuo vitano kwa pupa.

Ukiisha kuingia, njia ziko namna tatu. Ya kwanza ni masomo ya darasani na mitihani, kisha tasnifu, yaani kitabu kizima cha utafiti wako mwenyewe. Ya pili ni masomo hayo hayo, lakini mwishoni huandiki tasnifu bali mradi, ambao ni utafiti mdogo zaidi. Ya tatu ni tasnifu peke yake bila darasa, nayo si ya kila mtu wala si ya kila idara. Alama ya kupita katika mitihani ya digrii ya pili kwa kawaida ni 50, si 40 kama ile ya kwanza, na wengi hushangazwa na jambo hilo wakati wameshafanya mtihani.

Nani achague ipi? Nitasema maoni yangu wazi. Ikiwa wataka cheo katika kazi unayoifanya, na nyumbani una watoto watatu na zamu za usiku, njia ya mradi yakufaa. Ikiwa una nia ya kufundisha chuoni au kuendelea mpaka udaktari, chukua tasnifu, maana baadaye watakuuliza tasnifu iko wapi. Watu hudharau mradi kana kwamba ni Masters ya maskini. Cheti kikitoka, ni digrii ile ile.

Muda wake ni miaka miwili kwa kawaida. Darasa la jioni huanza saa kumi na moja na nusu, humalizika saa mbili na nusu, na wengine husoma Jumamosi kutwa. Vyuo vingine hufundisha kwa njia ya intaneti, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka wa 2023, kiliundwa kwa namna hiyo hiyo. Kwa mwanachama aliye Lodwar au Hola hilo ni jambo kubwa. Lakini msidhani kusoma nyumbani ni kusoma kwa starehe. Bi mmoja wa tawi letu aliniambia kwamba darasa la mtandaoni lamtaka awe mkali kwa nafsi yake kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha, maana jikoni kuna sufuria na mlangoni kuna jirani.

Sasa nafika mahali ambapo watu huzama, nami nitakaa hapo.

Darasani watu wetu hufanya vizuri. Mwaka wa kwanza wapita, mitihani yapita, wanunua soda. Kisha darasa lafungwa na kila mtu anabaki peke yake na karatasi nyeupe. Hakuna kengele tena, hakuna ratiba. Lazima uandike pendekezo la utafiti, ulitetee mbele ya idara, wakurudishe ulisahihishe, upewe wasimamizi, upate kibali cha kamati ya maadili ikiwa utahoji watu, kisha leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, ambayo ni Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Ndipo uende kukusanya habari, uzipange, uandike, msimamizi asome, akurudishie, uandike tena. Kisha kitabu chapita katika mashine ya kupima kama umenakili maneno ya watu. Kisha watahini wakisome, mmoja wao mtu wa nje ya chuo chako, kisha usimame mbele ya jopo ujibu maswali, kisha usahihishe tena. Vyuo vingine vyataka pia makala uliyochapisha katika jarida linalotambuliwa, kabla ya kukuvika joho.

Mwanachama wetu mmoja, karani wa hospitali, alimaliza masomo ya darasani kwa muda wake na kwa alama nzuri. Pendekezo lake lilikaa miezi saba mezani kwa msimamizi. Likarudi na mstari mmoja: badilisha kichwa. Akabadilisha. Msimamizi akahamia chuo kingine bila kumwaga. Yule mpya akasema hakubali somo lile, aanze upya. Wakati huo wote kila mwaka chuo kilimtoza ada ya kuendelea kuwa mwanafunzi, na chama cha akiba na mikopo kilimkata mshahara kwa deni la karo ya darasa alilokwisha kumaliza. Alipokuja kwangu nilimwuliza, "Ulimwandikia nani?" Akanijibu, "Nilimpigia simu, hakushika. Niliona haya kumsumbua mwalimu."

Ndugu, sisi ni watu wa chama. Twajua kwamba lalamiko lisiloandikwa halikutokea. Fanyeni chuoni kama mnavyofanya kazini. Kila ukimpa msimamizi karatasi, mwandikie barua ya simu au ya kompyuta, useme leo tarehe fulani nimekupa sura ya kwanza. Zikipita wiki sita, mkumbushe kwa heshima. Zikipita tatu tena, nakala kwa mkuu wa idara. Zikizidi, nenda kwa ofisi ya chuo inayosimamia masomo ya juu, ukiwa na tarehe zako mkononi. Kila chuo kina kanuni zilizoandikwa za wajibu wa msimamizi. Zitafuteni siku ya kwanza mnapoingia, kabla ya mambo kuharibika. Karani wetu alifanya hivyo, kwa kuchelewa. Alipewa msimamizi wa tatu, mama mmoja mwenye haraka, na sasa amebakiza kusahihisha tu.

Na somo la utafiti lichagueni karibu na mikono yenu. Mtu anayepanga dawa stoo ya hospitali asiende kuandika habari za benki za Ulaya. Aandike kwa nini dawa fulani huisha kila mwezi kabla ya tarehe ishirini, maana daftari analo na watu anawajua. Lakini apate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kugusa daftari hizo. Kutumia habari za kazini bila ruhusa ni njia fupi ya kuitwa na kamati ya nidhamu, na hapo hata chama kitapata taabu kukutetea.

Wako vijana mjini wanaoandika tasnifu za watu kwa malipo. Sitawalaumu sana vijana, kazi hawana. Namlaumu mtu mzima mwenye mshahara anayewapa kazi hiyo. Siku ya jopo yule kijana hayuko chumbani.

Ubaya ulio mkubwa zaidi ni vyeti vya kununua. Mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba katika ukaguzi wa ofisi za serikali vilipatikana vyeti bandia zaidi ya 2,000. Wenye vyeti hivyo hupoteza kazi, na pia hudaiwa mishahara waliyokula kwa cheo kile. Chama hakitamtetea mtu katika hilo, na nasema hivyo mbele yenu nyote ili asitokee wa kusema hakuambiwa. Kabla ya kulipa hata shilingi, tazama kama chuo na kozi yenyewe vimekubaliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Zote mbili, ndugu! Chuo chaweza kuwa halali na kozi isiwe imekubaliwa.

Habari za ng'ambo nitazipitia upesi, kwa kuwa ni wachache watakaokwenda. Uingereza digrii ya pili ya darasani huchukua mwaka mmoja. Ni fupi, lakini ni ghali, na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa kozi ya namna hiyo haruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto. Msaada wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, hutaka uwe na miaka miwili ya kazi na uahidi kurudi nchini kwako kwa miaka miwili. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi karo kubwa, ila asiye na msaada lazima aonyeshe fedha za kuishi. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni yuro 11,904 kwa mwaka, zikiwa zimewekwa benki. Huko Ujerumani pia iko kozi ambayo yatuhusu sisi hasa. Chuo cha Kassel na chuo kimoja cha Berlin, pamoja na vyama vya wafanyi kazi na Shirika la Kazi Duniani, walianzisha mwaka wa 2004 digrii ya pili ya mambo ya kazi na utandawazi, ya mwaka mmoja, kwa ajili ya watu wa vyama. Kijana wa kike au wa kiume wa tawi hili aliye na digrii ya kwanza na aliyefanya kazi ya chama, aje tuzungumze.

Mtu atasema, je, viongozi wa zamani walikuwa na Masters? Tom Mboya alikwenda Ruskin College kule Oxford mwaka wa 1955, akasoma mambo ya viwanda na wafanyi kazi kwa mwaka mmoja, akarudi bila digrii, na waajiri walimwogopa. Ni kweli. Lakini wakati ule mwajiri mwenyewe hakudai digrii ya pili kwa kiti cha msimamizi wa stoo. Leo anadai, na wakati mwingine anadai tu ili kupunguza idadi ya waombaji.

Sasa fedha. Dai karatasi ya ada zote mpaka siku ya kuvikwa joho. Usikubali ada ya muhula wa kwanza peke yake. Tazama ada ya mitihani, ya maktaba, ya usimamizi, ya kutahini tasnifu, na ile ya mwaka wa ziada ukichelewa. Juu yake weka nauli za utafiti, chapa na kufunga vitabu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hukopesha pia wanaosoma digrii ya pili, lakini aliye na deni la zamani asilolilipa asitumaini. Kwa mikopo mingine, kumbukeni sheria: makato yote pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Wa shilingi 45,000 lazima abaki na 15,000 mkononi, baada ya kodi, NSSF, afya, nyumba, na mkopo wa chama cha akiba. Wako wakopeshaji wanaojua njia za kuizunguka sheria hii, na wakikuonyesha njia hiyo, ujue hawakupendi.

Namaliza na jambo litakalopigiwa kura. Sheria ya Kazi yatupa siku 21 za kazi za likizo kila mwaka. Likizo ya masomo haimo katika sheria hiyo. Haimo kabisa. Kwa hivyo atakayepata siku za mtihani atazipata kwa huruma ya msimamizi wake au kwa mapatano ya pamoja tuliyotia sahihi. Mimi huruma siitegemei. Mapatano yakiisha kusajiliwa katika Mahakama ya Kazi yanakuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyi kazi anayehusika, na mwajiri hawezi kusema alisahau.

Wapo wanachama waliosema, tena kwa haki, kwamba chama kisipoteze nguvu zake mezani kwa ajili ya watu wachache wa Masters, wakati wafagiaji hawana hata viatu vya mvua. Mzee mmoja alisema tutawasomesha, kisha watakuwa mabwana wakubwa, watatoka chamani na kuja kutukalia upande wa pili wa meza. Yaweza kutokea. Imewahi kutokea. Ndiyo maana Halmashauri haikuandika pendekezo la watu wa Masters. Imeandika pendekezo la kila anayesoma: anayerudia kidato cha nne, anayesomea udereva wa mashine, mwuguzi wa diploma, na huyu wa digrii ya pili pia. Kila mmoja apate siku 10 za mtihani kwa mwaka zenye malipo, akionyesha ratiba ya mtihani. Mwenye zamu abadilishiwe zamu siku za darasa, mradi alete ratiba mwezi mmoja mbele. Mwajiri akilipa karo na kumfunga mtu kwa mkataba wa kubaki, kifungo kisizidi muda aliosomeshwa, na deni lipungue kila mwezi anaotumika. Na mwajiri abandike ukutani ni kiti gani kinachotaka cheti gani, ili mtu asikope miaka mitatu ya mshahara wake kwa ajili ya cheo ambacho hakikuwapo.

Hili la mwisho ndilo ambalo waajiri watalipinga zaidi, nami nadhani ndilo lenye thamani kuliko yote. Kura itapigwa katika mkutano ujao wa tawi, kabla ya kupeleka madai yetu mezani. Watakaokuwa zamu siku hiyo wamwone karani wa tawi mapema. Karatasi za kanuni za masomo ya juu za vyuo vitatu ziko ofisini, ila tafadhali zisomeni pale pale, maana nakala ya kwanza iliazimwa na haijarudi.

Bwana Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.